Dada Yake Muuza Nyumba

Theodora alikuwa amekwisha kujenga matanuri manne ya kuokea mikate katika mji wa Masasi, na hata moja halikuwa lake. Kila alipopanga nyumba mpya alitafuta udongo wa kichuguu, akaukanda kwa miguu yake mwenyewe, akasimamisha tanuri uani, akaliacha likauke taratibu chini ya kivuli cha maturubai. Mikate ikatoka mizuri, wateja wakazoea. Basi mwenye nyumba akiona watu wanajaa uani kwake asubuhi na vikapu mkononi, hakawii kukumbuka kwamba ana mpwa wake anayetafuta pa kukaa. Theodora anahama na makopo yake ya kuokea, na tanuri linabaki, maana tanuri la udongo halibebeki. Moja lilikuja kugeuzwa banda la kuku. Alipopita siku moja akaona kuku ametulia ndani yake anatotoa, alikwenda zake bila hata kuwasalimu wenyeji, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

Alizaliwa Lukuledi, na kuoka mikate alifundishwa na masista wa misheni alipokuwa msichana. Miaka ile ya unga wa kibali alikaa bure, kwa sababu kupata gunia moja la ngano ulihitaji kujuana na watu. Kisha zikaja enzi za ruksa. Unga ukaonekana madukani, na hamira, na mafuta ya kupikia ya kila rangi, na Theodora akaanza upya akiwa mama wa watoto wanne. Mumewe Benedikto alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole asiyependa kusumbuka. Kwake yeye nyumba ya kupanga ilikuwa nyumba kama nyingine.

"Kwani mvua inajua nani mwenye nyumba?" alikuwa akisema. "Haituloweshi, basi."

"Wewe spana zako unazitia mfukoni, unahama," Theodora akamjibu. "Mimi tanuri nilitie wapi?"

Mwaka tisini na nne, mvua zilipokwisha, wakasikia kwamba Mzee Mussa anauza nyumba. Mzee Mussa alikuwa Mmakonde wa Newala, dereva wa lori aliyekaa Masasi zaidi ya miaka ishirini. Sasa wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wamefika huku kusini, bei ikapanda, na kila mwenye mikorosho ya zamani iliyomezwa na pori alikuwa akirudi kuifyekea. Mzee Mussa naye akaamua kurudi kwao. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya saruji, paa la bati, vyumba vitatu, ua mpana wenye nafasi ya matanuri hata mawili, na katikati ya ua bomba lililotoa maji siku nyingi kuliko siku ambazo halikutoa. Theodora aliuzunguka ua ule mara moja tu. Alikwisha kuona tanuri litakapokaa na upepo utakapopeleka moshi.

Wakapatana. Malipo ya kwanza yatolewe papo hapo, yaliyobaki watalipa siku ya kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Theodora alitoa akiba yake yote ya mikate, Benedikto akauza baiskeli mbili alizokuwa amezifufua. Mzee Mussa akapokea, akashukuru, akapanda gari la Newala akiwa na magunia ya salfa na mashine mpya ya kuipulizia dawa hiyo mikorosho.

Siku ya kuandikishana ilipofika, Theodora alivaa gauni la kanisani. Mzee Mussa alikuja, lakini alikuja mikono mitupu, akakaa kwenye benchi la mwenyekiti akiangalia viatu vyake.

"Mama Alfredi," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "kuna jambo dogo."

"Jambo gani, baba?"

"Dada yangu. Hajaambiwa."

Theodora alikuwa Mmakua, na kwa Wamakua kama kwa Wamakonde neno la mali hutoka upande wa mama. Mwanamume akauze nyumba bila dada yake kujua? Hakuna mwenyekiti yeyote wa huku ambaye angeweka muhuri juu ya jambo hilo. Kilichomchoma Theodora ni kwamba Mzee Mussa alilijua hilo tangu siku ile anapokea fedha.

"Basi mwambie," alisema.

"Nimejaribu. Nikianza tu, anaondoka kwenda kuchota maji."

Wiki zikapita. Kila gari la Newala liliposhusha watu, Theodora alituma mtu kuuliza kama kuna salamu. Salamu zilikuja nyingi, jibu halikuja. Na mwenye nyumba waliyopanga, kana kwamba wamepanga njama, akaja kuwaambia kwamba mwisho wa Agosti anavihitaji vyumba vyake, mpwa wake anaoa.

"Nakwenda mwenyewe," Theodora alimwambia mumewe.

Gari lilipanda ule mlima wa kwenda juu kwa kunguruma, likapita katika mchanga mwekundu ambamo abiria walishuka mara mbili kulisukuma. Theodora alimkuta Mzee Mussa shambani, amekuwa wa njano kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu kwa vumbi la salfa. Alimwonyesha nyumba ya dada yake kwa mbali, kwa kidole, asisogee hata hatua.

Nyumba ile ilikuwa ya udongo, imeezekwa nyasi, na mlango wake umefungwa kwa kamba. Jirani mmoja aliyekuwa akitwanga muhogo akamwambia, "Mama Somoe kateremka maji. Katoka hajapambazuka. Msubiri, jua likipinda atakuwa hapa."

Theodora hakuweza kukaa. Alitembea mpaka ukingoni, pale ambapo ardhi ya Newala inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini, bluu na pana. Njia nyembamba ilishuka ikijikunja katikati ya mawe, na juu ya njia hiyo wanawake walikuwa wakipanda mmoja nyuma ya mwingine, ndoo vichwani, majani yakielea juu ya maji yasimwagike. Hawakuzungumza. Mtu anayepanda mlima ule na ndoo hana pumzi ya maneno. Wa mwisho alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi, aliyesimama kila baada ya hatua chache akishika goti.

Theodora alishuka kumlaki. "Shikamoo, mama. Nisaidie nikupokee."

"Marahaba. Acha, utamwaga." Mwanamke yule alimtazama. "Wewe si wa hapa."

"Natoka Masasi. Naitwa Mama Alfredi. Mimi ndiye ninayenunua ile nyumba ya Mzee Mussa."

Bibi Kibibi, maana ndilo lilikuwa jina lake, akaendelea kupanda. Walipofika nyumbani akatua ndoo polepole, akaondoa majani moja moja.

"Nyumba ya Mussa siijui," alisema hatimaye. "Ninayoijua mimi ni nyumba niliyoichotea maji. Matofali yale yote unayoyaona, maji ya kufyatulia nilibeba mimi, Somoe akiwa mgongoni. Bomba halikuwapo wakati huo, tulichota mtoni. Angalia." Akafungua kitambaa, akainamisha kichwa. Utosini palikuwa na mahali pasipoota nywele vizuri. "Mussa alinunua saruji. Maji je, yalijileta?"

"Hapana, mama."

"Basi hiyo nyumba haijauzwa. Wanaouza ni watu wawili, na mmoja hajaulizwa."

Kisha akachota kikombe kidogo kutoka kwenye ndoo, akampa mgeni wake kwa mikono miwili. Theodora alikitazama kile kikombe. Kukataa ni kumtukana mwenyeji. Kukinywa ni kunywa mlima mzima. Alikunywa nusu, akakirudisha, na Bibi Kibibi akaimalizia nusu iliyobaki. Nadhani hapo ndipo walipoanza kusikilizana, ingawa bado safari ilikuwa ndefu.

"Mimi sikatai," Bibi Kibibi alisema alipokuwa akimsindikiza. "Lakini lazima nije niiage. Siku tatu tu, nilale mle ndani, kisha nitasema neno langu."

Alikuja Agosti na mkeka, ndoo na furushi la nguo. Mzee Mussa akamfungulia mlango, akarudi Newala haraka kwa kisingizio cha salfa. Siku tatu zikapita. Zikapita nyingine. Theodora alikuwa akipita kila jioni kumjulia hali, na kila jioni alimkuta Bibi Kibibi karibu na bomba. Alikuwa amefua nguo zake zote. Alikuwa amefua pazia kuukuu la Mzee Mussa, na mkeka, na magunia mawili yaliyosahauliwa stoo. Alikuwa amepanda mchicha kuzunguka ukuta, na mchicha ulikuwa umeota. Alioga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni, na ngozi yake ilikuwa inang'aa kama ya bibi harusi.

"Mama Somoe, habari za kuaga?" Theodora aliuliza kwa upole.

"Bado, mwanangu. Chumba cha nyuma sijakiaga."

Majirani wakaanza kucheka. Benedikto, ambaye hakasiriki, alikasirika. "Tudai fedha zetu tuachane nao. Nyumba gani inayoagwa mwezi mzima?"

"Tumdai nani? Fedha zenyewe ziko juu ya mikorosho, zimepulizwa."

Na hilo lilikuwa kweli. Mwisho wa Agosti ukafika, mpwa wa mwenye nyumba akaja na vitanda vyake. Theodora akakodi mkokoteni, akapakia magodoro, makopo ya kuokea, masanduku na watoto wawili wadogo.

"Tunakwenda wapi?" Benedikto aliuliza.

"Nyumbani."

"Nyumba ina mtu ndani, mama. Tutaingiaje?"

"Kwa kubisha hodi."

Akabisha. Bibi Kibibi akatoka na taulo begani. Akauangalia mkokoteni, akawaangalia watoto, akamwangalia Benedikto aliyekuwa akijificha nyuma ya godoro.

"Karibuni, wageni," alisema. Na Theodora, akiwa amelipia nusu ya nyumba ile, akajibu, "Ahsante, mama, tumekaribia."

Wakakaa hivyo. Bibi Kibibi chumba cha nyuma, wao vyumba vya mbele. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Kila mmoja alifagia ua kana kwamba anamwonyesha mwenzake mpaka wake. Theodora alianza tanuri lake la tano kwa woga, akihofia kwamba nalo litakuja kubaki la mtu mwingine. Bibi Kibibi aliketi kwenye kigoda akitazama udongo ukikandwa, mara akakunja kanga yake, akaingia na yeye. "Udongo wako mkavu," alisema. "Ongeza maji, maji yapo." Akaenda mwenyewe bombani, akajaza ndoo mpaka ukingoni, akamwaga bila hesabu. Alikuwa akicheka peke yake.

Kisha bomba likakauka, kama lilivyokuwa likifanya mara kwa mara. Watu wa mtaa walilalamika kidogo, wakatoa madumu yao, mambo yakaendelea. Lakini Theodora aliporudi kutoka sokoni, alimkuta Bibi Kibibi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imelala mapajani.

"Kumbe na huku yanakatika," alisema.

"Yatarudi, mama. Kesho au keshokutwa."

Bibi Kibibi akapapasa goti lake. "Mwaka jana nilianguka kule bondeni," alisema. "Nikiwa na ndoo. Goti liligoma, nikalala pale njiani jua linanichoma mpaka wakapita watu. Sijamwambia Mussa. Somoe yuko kwa mumewe Tandahimba, naye sijamwambia, ataacha watoto wake aje. Nilipofika hapa nikafungua koki, maji yakatoka. Nikasema moyoni, nitaaga kesho. Kila siku nasema kesho." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Sikutaka kukudhulumu, mwanangu. Miguu tu ndiyo ilikataa kurudi."

Theodora akaketi chini kando yake. Hasira aliyokuwa ameibeba tangu Juni aliitafuta, akaona haimo tena. Alikumbuka misheni ya Lukuledi, ambako masista walikinga maji ya mvua kutoka kwenye paa yakaingia katika tangi kubwa la saruji, na mpaka kiangazi kikikolea tangi lile lilikuwa bado na maji.

"Nyumba yako imeezekwa nyasi," alisema. "Ingekuwa bati na tangi pembeni, ungeteremka bondeni?"

"Ningeteremka kufanya nini?"

Mzee Mussa akaitwa. Alikuja na shati jipya, akifikiri ni siku ya kuandikishana. Theodora akamweleza mbele ya mwenyekiti: malipo yaliyobaki, sehemu yake iende kwenye bati na saruji ya Mama Somoe, Newala, inayosalia achukue mwenyewe.

Mzee Mussa akaruka. "Hizo fedha ni zangu! Nyumba nilijenga mimi!"

"Kwa maji ya nani?" dada yake aliuliza. Hakupaza sauti.

Mzee Mussa alimtazama dada yake, na nadhani aliliona lile goti kwa mara ya kwanza, lilivyovimba kama kibuyu. "Mbona hukuniambia?" alisema mwishowe. Akakubali.

Ungedhani mambo yameisha. Lakini Bibi Kibibi alikuwa mwanamke aliyekwisha kuahidiwa mengi. "Dole gumba langu litasubiri tangi lishike maji," alisema. "Likivuja, nitakuwa nimeuza nyumba kwa ufa."

Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa korosho nzuri, kila mtu anajenga. Saruji ikaadimika, ilipofika dukani ilikwisha kabla gari halijamaliza kushusha. Mabati yalipatikana, misumari ikakosekana. Fundi wa matangi, mtu hodari wa pale Newala, alichimba msingi, akaacha sepetu shimoni, akaenda kuokota korosho zake. Hakuna wa kumlaumu. Oktoba huku hakuna fundi, kuna waokota korosho tu. Bibi Kibibi mwenyewe alipanda kwao kuokota za kwake, akimwachia Theodora ufunguo wa chumba cha nyuma na maagizo kuhusu mchicha.

Hapo ndipo Theodora alipokaribia kupoteza kila kitu. Mnunuzi mmoja wa korosho, kijana mwenye pikapu na maneno mengi, alikuwa akitafuta mahali pa kufanya ghala. Akaiona nyumba, akaupenda ua. Aliingia bila hodi, akapima kwa hatua kutoka ukutani hadi kwenye tanuri, akamwambia dereva wake, "Hili tunalibomoa." Theodora alikuwa na kinyunya hadi viwikoni.

"Nyumba ina mwenyewe," alisema.

"Nimeshaongea na mwenyewe. Nampa mara mbili ya hiyo yenu, taslimu. Nyinyi mtarudishiwa chenu."

Alisema kweli; alikuwa ameongea na Mzee Mussa, na Mzee Mussa hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana. Theodora hakulala vizuri siku zile. Mikate iliungua. Benedikto, ambaye hakuwahi kuona umuhimu wa nyumba ya kununua, alionekana akizunguka tanuri lile anagusa ukuta wake kwa kiganja, kisha akaenda kufunga mlango wa ua kwa mnyororo wa baiskeli na kufuli.

Habari ziliteremka na gari la Jumamosi, zikiletwa na jirani yule mtwanga muhogo. Kijana wa pikapu alipanda Newala na mkoba. Mzee Mussa alimpeleka kwa dada yake, kwa sababu sasa alikwisha kujifunza kwamba pasipo dada hakuna kuuza. Bibi Kibibi alimkaribisha kijana kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kubangua korosho.

"Hizo fedha ni nyingi," alimwambia. "Sasa wewe, kijana wangu, tangu umefika hapa umeniuliza bei. Yule mwenzako alinisubiri juu ya mlima, akataka kunipokea ndoo. Nyumba imekwisha kuuzwa. Mimi ndiye ninayesema, na Mussa anasikia."

Mzee Mussa, inasemekana, aliinua mabega tu. Neno lile lile la dada lililomchelewesha Theodora tangu Juni, sasa ndilo lililosimama mlangoni kumlinda.

Korosho zilipokwisha fundi alirudi, akamaliza tangi, na mvua za kwanza zikanyesha wiki ya pili ya Desemba. Theodora alipanda Newala na mumewe na mwenyekiti wa mtaa, ambaye alisema hajawahi kusafirisha muhuri wake umbali huo. Walimkuta Bibi Kibibi amesimama kwenye mvua, ukingoni mwa bati lake jipya, kanga imemganda mwilini, anasikiliza maji yanavyoingia katika tangi. Hakutaka kuingia ndani. Aliwashika mkono mmoja mmoja, akawapeleka wachungulie. Maji yalikuwa bado machache, ya rangi ya vumbi la paa, yamefika kimo cha goti.

"Halivuji," alisema. "Nimelizunguka tangu asubuhi."

Akaweka dole gumba lake kwenye karatasi, akakaza sana, kana kwamba anapanda mbegu. Mzee Mussa akatia sahihi chini yake. Benedikto akahesabu malipo yaliyobaki mikononi mwa mzee, na mzee akatoa noti kadhaa akampa dada yake bila kuambiwa na mtu.

Hati yenyewe ya kiwanja ilichukua miaka mingine miwili, kwa sababu mpimaji alihamishwa na aliyekuja badala yake alitaka kupima upya mtaa mzima. Theodora alifuatilia bila haraka. Watu walikuwa wamekwisha kupaita pale kwa Mama Alfredi, na aliyetaka mkate hakuulizia namba ya kiwanja.

Kiangazi kilichofuata, tangi la Newala likiwa bado lina maji ya kutosha, Bibi Kibibi alishuka kwenye gari na furushi dogo. Theodora alimwona kutoka mlangoni, akapangusa unga mikononi, akakimbia kumpokea.

"Shikamoo, mama. Umekuja kuaga tena?"

"Marahaba," alisema bibi, akicheka, akielekea moja kwa moja bombani. "Nimekuja kutembea tu. Siku tatu."